Kilabu cha Wenye Krawati

Mume wangu aliingia katika kilabu cha huduma mwezi uleule Wazungu walipokiacha. Sisemi hivyo kumcheka, maana amekufa na hawezi kunijibu. Nasema kwa sababu ndivyo walivyoingia wote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kualikwa wakati kilabu kilipokuwa na wenyewe. Walingoja viti vibaki vitupu, wakavikalia, wakaliita jambo hilo maendeleo.

Wakati huo yeye alikuwa karani wa forodha pale Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi. Mimi nilikuwa nimetoka kwa masera, wale watawa walionifundisha kushona, kuandika barua ya Kifaransa na kunyamaza mbele ya wageni. Tulikaa Kasenga, mtaa mmoja wa mji wa Uvira, katika nyumba ya vyumba viwili, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya.

Kilabu chenyewe nilikijua kabla ya mume wangu kukijua. Kila Noeli masera walichagua wasichana sita wa kwenda kule kugawa sharubati, na miaka miwili nilikuwa mmoja wao. Ukumbi ulisimama mahali palipoinuka kidogo, karibu na ziwa: sakafu ya sementi nyekundu, madirisha mapana ya mbao, na baraza pande tatu. Juu ya mlango mkubwa kuliandikwa neno moja la Kifaransa, maana yake Kutumikia. Sisi hatukupita chini ya neno hilo. Sisi tulipitia jikoni.

Wanachama walikuwa mnunuzi wa pamba, daktari, wafanyabiashara wawili wa samaki na maofisa wa utawala. Walikutana kila Alhamisi, wakagonga kengele ndogo ya shaba, wakala, wakazungumza juu yetu. Sikatai kwamba walifanya kazi. Mwaka mmoja walileta makasha matatu ya miwani kutoka Ulaya, miwani ya watu waliokufa, iliyokusanywa na jamaa zao. Watu walipangwa mstari mbele ya baraza, na kila mmoja alipewa ile iliyotoka kwenye kasha zamu yake ilipofika. Hakuna aliyepimwa macho. Mama yangu mkubwa, dada wa kwanza wa mama, ambaye maisha yake yote aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, alipata miwani nzito nyeusi ya mwanamume. Aliivaa kanisani Jumapili mbili.

"Unaona vizuri, mama?" nilimwuliza.

"Ninaona chini imekuja karibu na uso yangu," alinijibu.

Jumapili ya pili alianguka kwenye mtaro mbele ya kanisa, akaivua, akawapa wajukuu wachezee. Siku ile ya kugawa, kipofu mmoja mzee naye alipewa miwani. Mpiga picha alimwambia atazame kwenye kamera. Picha hiyo ilitundikwa ukumbini, na ilikuwa bado inaning'inia pale miaka ya uhuru, kipofu amegeuza uso kuelekea ziwani, na bibi mmoja wa Kizungu amemshika bega huku anacheka.

Uhuru ulipokuja, wenye kilabu walivuka mpaka kwenda Usumbura, upande wa Burundi, kwa magari yaliyojaa magodoro. Ufunguo walimwachia mkuu mpya wa posta, mtu wa kwetu, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa anapanga barua kwenye visanduku. Aliwaita makarani wote wa mji waliokuwa na krawati. Mume wangu alirudi kutoka mkutano wa kwanza kifua mbele.

"Mama, sasa ni sisi," aliniambia.

"Ni ninyi kufanya nini?"

"Kutumikia."

"Kutumikia nani?"

"Hiyo komite itaangalia."

Alikuwa amechaguliwa sekretere, kwa hiyo madaftari ya mikutano yalikaa nyumbani kwetu na mimi niliyasoma yote. Mikutano mitatu ya kwanza ilizungumza jambo moja: nani akae kwenye kiti gani. Kulikuwa na kiti kimoja chenye mikono, na mkuu wa posta, ambaye sasa aliitwa prezida hata na mkewe, alikikalia tangu siku ya kwanza. Lakini kulikuwa na viti viwili vya ngozi kando yake, na juu ya viti hivyo watu wazima, wenye watoto, waliandikiana barua. Mkutano wa nne uliamua kwamba kengele iendelee kugongwa. Wa tano uliamua kwamba asiye na krawati asimame nje ya mlango mpaka apate ya kuazima.

Baada ya hapo zikaja kazi. Walitangaza siku ya usafi. Walitokea wamevaa mashati meupe, wameshika sepeto mpya, wakapigwa picha kwenye ukingo wa mtaro. Picha ilipokwisha, sepeto zilirudishwa dukani kwa sababu zilikuwa za kuazima. Mtaro ulichimbwa juma lililofuata na wanawake wa mtaa, kwa majembe yao, kwa sababu maji machafu yalikuwa yanaingia nyumbani mwao na si mwa prezida. Walitangaza pia zawadi ya ua wa nyumba ulio safi kuliko nyua zote za Uvira. Komite ilitembea mitaa miwili, ikarudi, ikampa zawadi prezida. Mume wangu aliandika daftarini kwamba uamuzi ulipokelewa kwa makofi. Nilimwuliza ni nani aliyepiga makofi. Akasema, "Wote." Nikamwuliza, "Na weye?" Akaendelea kuandika.

Sisi wake tulifanyiwa komite yetu. Kazi yake ilikuwa sakafu. Kila Alhamisi asubuhi tulikwenda wanawake saba au wanane, tukafunga matambara miguuni, tukaipaka ile sementi nyekundu nta, tukaisugua kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mpaka ing'ae. Waume zetu walipenda kuona viatu vyao humo ndani. Kwa ajili ya kazi hiyo mimi, kama mke wa sekretere, nilipewa ufunguo wa pili. Huo ndio wadhifa pekee ambao kilabu kiliwahi kunipa, na nadhani walijuta.

Miaka hiyo ziwa lilianza kupanda. Waliozaliwa baadaye hawaamini, lakini lilipanda mwaka baada ya mwaka kama maji yanayofura chunguni. Kwanza lilikula mchanga ambapo ndagala zilianikwa. Kisha lilikula miti ya kufungia mitumbwi, na baadaye vibanda vya chini, kimoja kimoja. Mtu aliamka akakuta maji ya vidole viwili sakafuni, akainua kitanda juu ya matofali. Juma lililofuata aliongeza tofali lingine. Mama mkubwa alifika tofali la nne, ndipo akaja kwangu.

"Ile nyumba ya serkle," alisema, maana ndivyo watu walivyokiita kilabu, "siku sita iko tupu. Waulize kama tunaweza kulala mule na watoto mpaka maji ishuke."

Nilimwambia mume wangu, mume wangu akamwambia prezida, prezida akaweka jambo hilo kwenye mkutano. Nilisoma daftari siku ya pili. Liliandikwa: Ombi la wanawake wa ufukweni limepokelewa kwa moyo wa huruma na linachunguzwa. Mkutano uliofuata: Uchunguzi unaendelea. Uliofuata tena: Komite ndogo ya watu watatu imeundwa.

Mama mkubwa hakuwa mtu wa kungoja komite ndogo. Alhamisi hiyo, wanachama walipokuwa wanawasili, alikuja na wanawake kama ishirini wakasimama mbele ya baraza. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika trei ya glasi. Prezida alitoka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri, na siku zote alinukia sabuni.

"Mama zangu," alisema, "shauri yenu tunaijua. Muende murudi nyumbani, mutaitwa."

"Nyumbani iko mu maji, baba," mama mkubwa alimjibu. "Tukirudi kule, utatuita na mutumbwi?"

Wanawake walicheka. Prezida hakupenda.

"Hii nyumba iko ya huduma," alisema. "Si ya kukausha samaki. Munaona hii sementi? Harufu ya ndagala ikiingia mule, haitatoka tena."

Aligeuka akaingia. Nilisikia kengele ikigongwa. Siku ile walizungumza juu ya rangi ya utepe wa kuvaa sikukuu ya uhuru, na mume wangu aliandika kurasa mbili.

Siku mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha milimani, mto Kalimabenge ukaleta matope, na mawimbi yakaja kutoka upande wa pili. Watu wa ufukweni walikuwa katikati. Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua ufunguo, nikapita kwa wenzangu wawili wa komite ya sakafu, mke wa mwalimu na mke wa karani wa hospitali. Sikuwahubiria. Niliwaambia tu, "Ninaenda kufungua. Anayekuja aje." Wakaja. Nilifungua mlango mkubwa, si ule wa jikoni, na wanawake wakaingia wakiwa na mikeka, masufuria, kuku, nyavu zilizoviringishwa na mzee mmoja aliyebebwa mgongoni. Matope yalifunika sementi yote nyekundu. Nakiri kwamba niliyatazama kwa raha ambayo sijawahi kuipata kanisani.

Prezida alifika kabla ya adhuhuri na mume wangu nyuma yake. Alisimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na pa kukanyaga.

"Nani alikupa ruhusa?" aliniuliza.

"Weye, prezida. Ulinipa ufunguo."

"Nilikupa juu ya kusafisha!"

"Tutasafisha," nilisema. "Maji ikishuka."

Alimtazama mume wangu, mume wangu akatazama viatu vyake. Hakuna aliyethubutu kuwatoa watu wale mvuani, si kwa huruma, bali kwa sababu watu wa mji mzima walikuwa wanatazama. Alhamisi iliyofuata daftari lilisema: Kilabu, kwa moyo wake wa huduma, kimeamua kwa kauli moja kufungua ukumbi wake kwa waathirika wa maji. Mikutano ilihamia chumba cha nyuma cha posta. Mume wangu hakusema nami kwa siku tisa, na mimi nilipumzika.

Basi nikawa mkubwa wa ukumbi. Hapa inabidi niseme ukweli juu yangu, maana nimewasema wengine vya kutosha. Kazi ile ilinipanda kichwani. Niligawa sakafu kwa mistari ya chaki, kila familia na kipande chake. Nilipanga saa za jiko. Niliandika daftari langu mwenyewe, nikajaribu hata mwandiko wa mume wangu. Mama mkubwa alinitazama siku moja nikimkaripia mwanamke aliyevuka mstari na sufuria yake, akaniambia, "Bado krawati tu." Nilikasirika mchana kutwa.

Kisha, mwaka wa nne wa uhuru, vita vilianza kwenye bonde la Ruzizi. Watu wa bondeni, wakulima wanaosema Kirundi, walianza kufika Uvira kwa miguu wakiwa na majembe na mbuzi wao. Mwanamke mmoja kutoka upande wa Lubarika alikuja moja kwa moja ukumbini. Alikuwa na mtoto mchanga na msichana wa miaka mitano hivi, na jembe begani lisilo na mpini. Alisema ameambiwa hapa kuna nyumba ya kusaidia watu.

Wanawake wa ufukweni walikataa. "Hao ndio waasi," walisema. "Waume zao wako porini na mikuki. Wakiingia hapa, jeshi litakuja kutuua sisi wote." Mama mkubwa hakuwepo, alikuwa amesafiri siku kadhaa kununua chumvi. Walinigeukia mimi mwenye ufunguo. Nafasi ilikuwepo. Ilikuwepo nafasi ya mkeka mzima kando ya jiko, nilikuwa nimeipigia mstari mwenyewe. Nikamwambia yule mwanamke kwa Kiswahili cha polepole, "Mama, ombi lako tunaliangalia. Kaa kwanza hapo barazani."

Alikaa barazani siku tatu. Mvua ilipokuja na upepo, aliwafunika watoto kwa mwili wake. Nilimpelekea bugali mara mbili, nikajiona mwema. Mama mkubwa aliporudi na kumwona, aliniuliza huyu ni nani na kwa nini yuko nje, nikamweleza. Alitoka kumwita aingie, lakini mwanamke yule alikuwa ameshafunga mzigo wake, akasema kwa Kiswahili kibovu kwamba anakwenda kutafuta ndugu Kavimvira. Aliondoka na watoto na lile jembe lisilo na mpini.

Waasi waliingia Uvira asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Siku mbili kabla yake mji ulikuwa umekwisha kujua. Ilisemekana kwamba wanawatafuta wenye kalamu, wote waliofanya kazi bironi, katika ofisi za serikali. Wale mabwana wa kilabu walizizika krawati kwenye bustani za nyumba zao kama watu wanaozika paka. Mume wangu aliniambia anakwenda mpakani kuangalia hali, atarudi baada ya saa moja. Alikuwa amevaa viatu vyake vya arusi. Mtu anayekwenda kuangalia hali havai viatu vya arusi. Alivuka Kavimvira pamoja na wengi wa kilabu, na sikumwona kwa miezi. Mimi nilimshika mtoto mkono nikahamia ukumbini, kwenye ile nafasi kando ya jiko.

Prezida alichelewa. Nasikia alirudi posta kuchukua mihuri. Alipotaka kuvuka, barabara ya mpakani ilikuwa imekwisha kufungwa. Tulikuwa tunachagua ndagala, tukitoa mchanga, mlango wa jikoni uliposukumwa na yeye akaingia, shati limechanika, kiatu kimoja tu mguuni.

"Mama zangu," alisema, na ile sauti nzuri ilikuwa imekwisha. "Munifiche."

Hakuna aliyeinuka. Mwanamke mmoja kijana, ambaye kibanda chake kilikuwa cha kwanza kuliwa na ziwa, alisema kwa sauti, "Si huyu ndiye alitufukuza? Tumutoe inje."

"Tukimutoa, watamuuwa hapa mu mulango," mama mkubwa alisema bila kuacha kazi yake. "Nani atafuta damu? Weye utafuta? Minye sitafuta." Kisha akamtazama yule bwana kutoka kichwani hadi miguuni. "Vua suruali."

Walimfunga vikwembe viwili, vitenge vyetu vya kujifunga, kimoja kiunoni na kimoja mabegani, na kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Mama mkubwa alimkalisha katikati yetu, akamwekea beseni la ndagala mapajani. Alikuwa hajui kuchagua. Alitupa samaki akaweka mchanga.

Hatukungoja sana. Vijana wanne waliingia na majani vichwani, wawili na mikuki na mmoja na bunduki. Mwenye bunduki hakuwa na ndevu bado.

"Hapa iko nani?"

"Iko wanawake na ndagala, mwanangu," mama mkubwa alisema.

Alitembea kati ya mistari yangu ya chaki. Aliangalia ile picha ya kipofu ukutani. Akarudi, akasimama mbele ya prezida, ambaye mikono yake ilitetemeka hadi ndagala zilikuwa zinaruka kwenye beseni kama hai.

"Na huyu mama mukubwa hivi, kwa nini anatetemeka?"

"Iko mugonjwa. Anaharisha tangu jana, na jana alizikwa mutoto wa dada yake na ugonjwa uleule. Ukitaka kumuona, karibia, mwanangu. Inama."

Kijana alirudi nyuma hatua mbili. Walichukua kuku watatu na redio ya kilabu, wakatoka.

Prezida aliishi nasi majuma mengi akiwa mwanamke mgonjwa. Ningependa kusema kwamba alibadilika. Siku ya tatu aliomba sabuni. Siku ya nne aliniambia kwa kunong'ona kwamba harufu ya ndagala inamzuia kulala, kama haiwezekani samaki wawekwe upande wa pili. Juma la pili alipendekeza kwamba nafasi za kulala zipangwe na komite, na kwamba yeye, kwa uzoefu wake, angeweza kuiongoza kwa siri. Wanawake walicheka hadi mzee wetu wa kubebwa akaamka. Yule kijana wa kike aliyetaka kumtoa nje ndiye aliyemfundisha kuchagua ndagala. Alimpiga vidole kila alipokosea, na mwishowe alijua.

Jeshi la serikali liliporudi, milio ya bunduki ilidumu siku nzima, nasi tulilala kifudifudi juu ya sementi. Kesho yake prezida alivua vikwembe, akavikunja vizuri, akavirudisha. Kwa mama mkubwa alisema, "Asante, mama." Ninalisema ili nisimdhulumu. Alilisema neno hilo, mara moja, kwa sauti ndogo, huku anatafuta njia ya kutokea.

Baada ya siku chache alikuwa amepata suruali, na baada ya mwezi alipata krawati. Waliokimbilia Burundi walianza kurudi mmoja mmoja, wamenenepa kidogo. Mume wangu alirudi akiwa amenibebea kitambaa cha gauni, akasimama mlangoni kwetu akisubiri nimwambie aingie. Nilimwambia aingie. Alikuwa baba wa mtoto wangu, na tena hasira nayo ina mwisho, hata kama dharau haina.

Kilabu kilikutana. Waliamua kwamba ukumbi urudi kwenye kazi yake ya huduma kabla ya mwisho wa mwezi. Ziwa lilikuwa bado juu. Mama mkubwa hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikusanya watu wake, wakapanda juu kuelekea milimani, wakajenga vibanda kwenye udongo ambao haukuwa wa mtu. Kabla ya kuondoka walifua, walipangusa, lakini sementi ilikuwa imepasuka na nyeusi pale palipokuwa na moto. Komite ya wake iliitwa kuja na nta. Sikwenda. Nilimpelekea prezida ufunguo posta, nikauweka mezani juu ya mihuri yake.

Kulikuwa na sherehe. Ofisa mmoja alikuja kutoka Bukavu akampa prezida cheti mbele ya watu, kwa sababu katika siku za giza, alisema, kilabu kilibaki wazi na kiongozi wake alikataa kuwaacha wanyonge. Prezida alihutubu. Alisema, "Niliishi kati yao, nikala chakula chao." Hapo hakudanganya. Mwisho alitaja waliosaidia, na alishukuru komite ya wake kwa utunzaji wa sakafu. Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma na beseni lake, akielekea sokoni. Hakukaa mpaka mwisho, ndagala zilikuwa zinaharibika.

Kwa kuwa cheti kilihitaji karatasi za kukishuhudia, mume wangu aliagizwa aandike madaftari ya mikutano ambayo haikufanyika, ya miezi yote ya vita. Aliandika mezani kwetu, jioni tatu, nami nilishona huku namtazama. Orodha ya waliohudhuria ilikuwa ndefu, watu kumi na wawili ambao kumi na mmoja wao walikuwa ng'ambo. Nilipoyasoma alipolala mchana, nilikuta kwamba katika kila mkutano wa uongo alikuwa ameandika chini kabisa, kwa mwandiko wake mdogo: Sekretere hakuwepo. Wengine wote aliwaweka kwenye viti. Yeye peke yake alijitoa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu sikuwepo." Ni kitu kidogo, na hakikumsaidia mtu yeyote. Lakini tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na sidhani tungeweza bila mstari ule.

Mama mkubwa alikufa kule juu mlimani, katika kibanda chake, ziwa likiwa limeshaanza kushuka. Yule mwanamke wa bondeni nilimwona tena mara moja. Nilikuwa nimekwenda Lubarika kununua mchele, na yeye alikuwa anapepeta mbele ya nyumba yake. Nilimjua kwa msichana aliyesimama karibu naye, aliyekuwa mkubwa sasa lakini mwenye uso uleule. Mtoto mchanga sikumwona, na sikuthubutu kuuliza. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia nafasi ilikuwepo.

Aliushusha ungo. "Sikukumbuke, mama," alisema. "Ile wakati milango mingi ilifungwa." Akaendelea kupepeta. Baadaye akaniuliza kama bado nataka mchele.

Kilabu kipo hata leo. Mume wangu alipofariki, vijana wake wa sasa walikuja nyumbani na shada la maua, watu wazuri, wenye adabu, wakanialika niwasimulie historia yao. Nilikwenda. Nilisimama katika ukumbi ule, ambao sasa una vigae, nikawaeleza yote haya, pamoja na vikwembe viwili na beseni, pamoja na mwanamke wa barazani. Walisikiliza hadi mwisho. Waliinuka wakanipigia makofi. Sekretere wao alinisomea alichoandika, ili nikihakikishe: Mama mjane wa mwanachama wetu wa zamani ametoa ushuhuda wa kugusa moyo juu ya ukarimu wa kilabu wakati wa vita.

Nilimwambia kwamba sikusema hivyo. Akasema atarekebisha, akageuza ukurasa, na mwenyekiti akatangaza jambo la pili. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani, maana nilikuwa nimeacha sombe ya majani ya muhogo kwenye moto.